Mkibadilishana, Mimi Nitajua

Mwanangu Apiyo,

Nakusalimu kama mtu aliye mbali, ingawa begi lako bado limelala hapa mlangoni na leo nimejikwaa juu yake mpaka kidole cha mguu kimevimba. Nimeamua hii barua uisome ukishafika huko Ujerumani, umevua koti, umeketi. Kwa hivyo univumilie, maana naandika jioni hii kuhusu kesho ambayo wewe utakuwa umeshaipita.

Babako anakusalimu. Ameketi nje na redio yake akijifanya hana mawazo, lakini kila nikipita ananiuliza kama huko kuna unga wa ugali. Nimemwambia ukikosa utakula viazi, mtoto wa muuza viazi hawezi kushindwa na viazi. Dani, nyanya yenu, anakusalimu kutoka kitandani. Magoti bado yanamsumbua. Amesema nikwambie usikubali kulala kwenye nyumba isiyo na mtu mzee ndani. Nimemweleza huko wazee wanaishi kwao peke yao. Akaniuliza, "Sasa usiku wanakohoa na nani?" Mama Wanjiru wa mlango wa pili anakusalimu, na amekuletea kilo nzima ya minji, njegere za Dundori, eti ubebe. Nimeipika. Watu wa kwaya wanakusalimu, wanasema sauti ya pili sasa imebaki na pengo. Hata yule paka asiye na mwenyewe anakusalimu, amelala juu ya sweta yako na sijamfukuza.

Adongo sijui niseme anakusalimu, au niseme nini. Yuko hapo barazani kwa cherehani yake anamalizia sare za shule. Ninapoandika hivi, sijui kama kesho atakuja kukusindikiza. Wewe unaposoma, unajua. Hiyo ndiyo shida ya barua hii, mama. Msomaji anajua mwisho kuliko mwandishi.

Mambo ya kuvaa soksi mbili na kusali kabla ya kulala sitaandika. Kama hujayajua kufikia sasa, karatasi haitakusaidia. Nataka niandike kuhusu Jumapili, pale uani, wakati ulipowaeleza watu unaenda kusomea nini.

Nitakukumbusha vile ilikuwa, kwa sababu wewe ulikuwa katikati, na mtu wa katikati haoni yote. Tulikuwa tumemaliza kula. Baba yenu mdogo Ochieng akafuta mdomo akasema, "Lakini Apiyo, hii kitu unafuata kule ni nini hasa? Tueleze sisi watu wa kawaida." Nilikuona ukifikiri, maana ukifikiri unavuta sikio. Adongo alikuwa anapita na sinia ya soda. Ukamshika mkono ukasema:

"Ni hivi, Baba. Angalia mimi na huyu. Tumbo moja, siku moja, sura moja. Mkitubadilisha usiku, yeye alale kwangu na mimi nilale kwake, asubuhi dunia haitajua tofauti. Vile vitu vidogo kabisa vinavyounda dunia viko hivyo hivyo. Mimi naenda kusoma kuhusu kubadilishana kwao."

"Kumbe," Ochieng akasema. "Basi tumtume huyu Ujerumani, wewe ubaki utuoshee vyombo."

Watu walicheka mpaka Dani akauliza kutoka ndani kuna nini. Na mimi nilicheka. Adongo pia alicheka, meno yote nje. Halafu akautoa mkono wake kwako pole pole, ule wa kulia, akavuta sweta mpaka ikafunika vidole, akaenda jikoni. Tangu siku hiyo amekwambia tu "chai iko tayari" na "sogea nifagie". Jumatatu uliniuliza, "Mama, Adongo ana nini?" Nikakujibu amechoka. Nilijua vizuri hajachoka. Niliogopa tu kuharibu siku chache zilizobaki, na sasa zimeisha zikiwa zimeharibika hivyo hivyo.

Najua hukumaanisha mabaya. Ulitaka tukuelewe, na watu walikuwa wanasinzia kwa shibe. Lakini mimi ulikuwa umenieleza kabla ya hapo, na hukunieleza hivyo.

Unakumbuka? Nilikuwa namenya viazi vya jioni. Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeona aibu kanisani, watu wananiuliza mtoto wako anasoma nini na mimi najibu "hesabu za juu", kama mtu anayezungumza habari za mawingu. Ukachukua viazi viwili ukaviweka mezani. Ukasema, "Tuseme hivi viwili ni sawa kabisa."

"Si sawa. Hiki kina jicho."

"Tuseme tu, Mama."

"Nimeuza viazi tangu hamjazaliwa. Sijawahi kuona viwili sawa."

"Elektroni ziko sawa. Zote. Hata ukitaka kuiweka moja alama, alama haina pa kushika."

Nikakuuliza ni nani alizikagua zote. Ukacheka, ukaniambia hilo swali profesa wako wa chuo huko Njoro angelipenda. Nilifurahi, ingawa nilidhani unanidanganya ili niendelee kusikiliza.

Ukaniambia vitu vidogo viko vya namna mbili. Kuna vile vinavyopenda kurundikana pamoja kama watu kwenye matanga, na mwanga uko hivyo. Kuna vile ambavyo kimoja kikishakalia kiti, kingine sawa nacho hakikubali kukaa hapo, na ndiyo sababu meza ni ngumu na mkono haupiti ndani yake. Vyote, ukivibadilisha viwili mahali pao, kisha ukavibadilisha tena, umerudi ulipoanza. Hakuna habari. Nikasema hiyo ni rahisi, kwa nini uende ng'ambo. Ukasema ngoja.

Ukanirudisha kwa mbuzi wa Dani kule nyumbani, wale wawili weupe, kila mmoja na kamba yake na kigingi chake. Wakizungukana wakabadilishana nafasi, ukiangalia kwa mbali utaona mbuzi wawili weupe, kama jana tu. Lakini kamba zimesokotana. Kamba zinakumbuka nani alimzunguka nani, na kwa upande gani. Ukaniambia vitu vinavyoishi mahali palipo bapa, visivyoweza kurukana, vinakumbuka namna hiyo. Huku kwetu ambapo kitu kinaweza kupita juu ya kingine au chini yake, ule msokoto unafunguka, na kukumbuka kwenyewe kunapotea. Nilipenda hapo. Niliwaona wale mbuzi, na nilimwona Dani akiwatukana kwa Kijaluo huku akifungua zile kamba.

Halafu ukatoka nje, ukarudi na blada ya babako, ule mpira wa tairi la baiskeli anaofungia mizigo, ukaukata pete mbili bila kumwomba ruhusa. Mpaka leo anauliza blada yake ilifupika vipi. Ukaniwekea pete mkononi.

"Sasa hizi si nukta kama viazi," ulisema. "Hizi ni pete. Pete mbili sawa zina njia mbili za kubadilishana. Moja inaweza kupita nje ya nyingine. Ama inaweza kupita ndani yake. Fanya wewe."

Nikafanya. Nikaifinya moja, nikaipitisha katikati ya mwenzake, nikaitoa upande wa pili. Mwishoni ziko mezani, moja huku, moja kule, huwezi kusema zilipitia wapi.

"Lakini si kitu kimoja, Mama. Hata huku kwetu kwenye juu na chini, hii haifunguki. Kupita ndani kuna hesabu yake. Si ya wale wanaorundikana, si ya wale wa kiti kimoja. Ni namna ya tatu, ama ya nne. Hatujui ziko ngapi."

"Na hizo pete ziko wapi?"

Ukasema kuna watu wanaojaribu kupatanisha mambo mawili yasiyosikizana: ule uzito unaoangusha kiazi kutoka mezani, na sheria za vile vitu vidogo mno. Ukasema katika hesabu zao nyingine, nafasi yenyewe, hii hewa iliyo kati yangu na wewe, haiko tupu wala haijatulia. Ina mikunjo, ina vifundo, na ndani yake hujitokeza pete kama hizo.

"Kuna mtu ameziona?"

"Hapana."

"Bado?"

"Labda hazitaonekana kabisa. Labda hazipo."

Nikaweka kisu chini. Nikasema, "Apiyo, unaniacha kwa sababu ya kitu hakuna mtu ameona."

Nawe ukasema, "Na wewe kila Jumapili unaenda wapi?"

Nilikutafutia mwiko. Tulicheka hadi babako akaja kuchungulia, akaona viazi havijamenywa, akarudi. Hiyo ndiyo jioni nitakayokuwa naikumbuka huko mbele. Ulikuwa hujawahi kunieleza kitu kama mtu mzima anavyomweleza mtu mzima mwenzake, tangu uanze kusoma vitu nisivyovijua. Mimi niliishia darasa la nne. Mtoto wako akipita darasa lako, unaanza kumwogopa kidogo, hata kama ni wewe uliyempeleka shule.

Kama nimeelewa vibaya, unirekebishe ukiandika. Lakini naona Jumapili uliwapa watu ile ya viazi, ukaiacha ya pete. Na Adongo anajua ya pete hata bila kufundishwa.

Unajua nasema nini. Nasema ule mwezi wa mitihani yako ya mwisho. Ulikuwa unafanya usafi na kupiga pasi kwa yule mama wa Milimani, na akakwambia usipokuja ataweka mtu mwingine. Wewe ulikuwa tayari kuacha kazi. Mimi ndiye niliyesema, "Si Adongo yuko." Nilisema hivyo hivyo tu, kama mtu anayesema si kuna chumvi nyingine kabatini. Ukamfundisha usiku mmoja. Mbwa anaitwa nani, kikombe cha mzee ni kipi, usimwite madam, mwite Auntie. Asubuhi akavaa aproni yako akaenda akawa Apiyo. Kila jioni alirudi na hadithi. Alituchekesha akiiga yule mama akimwambia, "Apiyo, siku hizi umejifunza kupika. Hii mikono ulikuwa umeificha wapi?" Babako alifuta machozi kwa kucheka. Tuliona ni mchezo mzuri, na hakuna aliyeumia.

Kisha siku ya wageni, alipokuwa anakaanga mandazi, karai likapinduka. Yule mama alimkimbiza hospitali mwenyewe, hakuwa mtu mbaya. Njia nzima anamwambia, "Vumilia, Apiyo. Pole, Apiyo." Daktari naye, "Apiyo, kunja vidole. Kunjua." Na mwanangu akakunja na kukunjua akiitika jina lako, na mafuta yako kwenye ngozi yake. Alipoingia hapa mlangoni na bandeji, neno la kwanza lilikuwa, "Mathe, usimwambie Apiyo. Ana mtihani kesho." Mwezi ule ule alikuwa na mtihani wake wa ushonaji, wa kukata kitambaa mbele ya wakaguzi. Hakuweza kushika mkasi. Ulimpita, akangoja mwaka mzima.

Wewe ulipita mitihani, ukarudi Milimani, nyumba ilifagiliwa siku zote, Apiyo hakukosa hata siku moja. Ukiangalia kwa nje, hakuna kilichotokea. Hivyo ndivyo dunia isivyojua. Na ndio mkono ule ule ulioushika mbele ya watu ukasema mkibadilishana dunia haitajua.

Siandiki haya ili ulie huko ugenini. Andika jina langu hapo kabla ya lako, maana kabla hujamwita kitu kimoja na wewe, mimi nilikuwa nimeshawafanya hivyo. Neno langu kwenu lilikuwa "nyinyi". Nyinyi njooni. Nyinyi mmekula? Nyinyi ndio mmevunja? Kwetu pacha akipewa kitu, mwenzake anapewa. Nilifundishwa hivyo na Dani, naye alifundishwa, eti ukibagua mmoja ataugua. Kwa hivyo kila kitu kilikuja viwili. Gauni mbili, vikombe viwili, hata kofi likimfikia mmoja, la pili lilikuwa njiani. Nilijiona mama wa haki. Siku moja, mlikuwa madarasa ya kati, Adongo aliniambia anataka sweta ya kijani. Shuleni sweta ya rangi yoyote ilikuwa inaruhusiwa baridi ikizidi. Nilikuwa nimeshanunua mbili za kahawia. Nikamuuliza, "Kwani ya kahawia ina nini?" Akasema, "Haina kitu. Apiyo anayo." Nilimwona ana kiburi. Ningejua kusikia, hilo neno lingenitosha.

Na ile hadithi ya uzi, ambayo babako huisimulia kila Krismasi. Nitaiandika hapa kwa sababu wewe umeisikia kwa mdomo wake tu. Pacha wa kwetu hachaguliwi jina. Wa kwanza kutoka ni Apiyo, yule aliyekuja haraka. Wa pili ni Adongo, yule aliyebaki nyuma. Mkunga alimfunga wa kwanza uzi mwekundu mkononi. Shangazi yenu akawaogesha, uzi ukabaki kwenye maji. Akaniletea watoto wawili waliolowa, akaniuliza, "Yupi ni yupi?" Niliwatazama. Nilikuwa nimechoka, macho hayaoni sawa. Mmoja alikuwa analia kwa nguvu, mwingine amenyamaza ananitazama. Nikasema anayelia ndiye Apiyo, huyo ana haraka.

Babako akifika hapo watu hucheka, na mimi hucheka nao. Lakini sijawahi kuiona inachekesha. Kwa sababu baada ya siku ile, aliyeitwa wa haraka tulimharakisha, na aliyeitwa wa kubaki tulimwambia abaki. "Apiyo, wewe kimbia uwahi shule. Adongo, wewe baki kidogo na Dani." Mlipomaliza kidato cha nne, nyote mlikuwa mmepita, wewe zaidi yake kidogo tu. Hakuna aliyekaa chini kuamua nani aendelee na nani ashike cherehani. Ilijiamulia, na sisi tukaona ni kawaida, kwa maana majina yenyewe yalikuwa yameshasema. Na sijui hata leo kama niliyaweka mahali pake. Inaweza kuwa wewe ndiye uliyebaki nyuma tumboni, mama. Inaweza kuwa yeye ndiye alikuja na haraka yake na hakuna aliyemuuliza anaenda wapi.

Nimesimama kidogo hapa. Adongo ameingia kuchukua chaki ya kitambaa, na nitakuandikia tulivyosema, neno kwa neno, ili nisiweke langu.

Amesema, "Mathe, unaandikia nani?"

"Ndugu yako."

"Si yuko Njoro anaaga watu? Mpigie simu."

"Ni ya kusoma akishafika."

Amesimama hapo akitafuta chaki ambayo ilikuwa mkononi mwake. Kisha, "Mwambie kule kuna baridi."

"Mwambie mwenyewe."

"Aah, mimi na yeye si ni kitu moja? Ajiangalie kwa kioo ajiambie."

Nimecheka, nikashindwa kujizuia. Yeye hakucheka, lakini mdomo ulicheza upande. Nikamuuliza, "Kesho utakuja?"

"Nina sare za kupeleka asubuhi."

"Adongo."

"Mathe, wacha. Nikija, watu wa huko watashindwa yupi ni wa kupanda ndege. Mnaweza kupandisha mwenye si yeye."

Na akatoka. Cherehani inalia tena sasa. Hilo neno lake la mwisho nimelirudia kichwani mara nyingi, na kila mara linaumiza mahali papya.

Wanawake wa sokoni wamekuwa wakinifariji wiki hii. Wananiambia, "Mama Mapacha, wewe usilie. Mmoja akienda, si picha imebaki, na inatembea." Wanasema kwa upendo. Zamani ningeona ni kweli. Lakini ulipokuwa hosteli Njoro, jioni moja nilimkuta Adongo ameketi kwenye kile kiti chako cha dirishani, ameinamisha kichwa. Nikasimama mlangoni nikamtazama. Nilitazama sana. Nilikuwa nakutazama wewe. Nilijipa dakika zangu pale, nikashiba. Akahisi, akageuka, akaniona uso wangu ulivyokuwa. Akasema, "Mathe, ni mimi." Alisema kama mtu anayeomba radhi.

Sasa naogopa hapo, Apiyo. Naogopa zaidi ya ndege. Nitaamka kesho kutwa nikiwa na njaa yako, na uso wako utakuwa unapita hapa jikoni ukiniuliza chumvi iko wapi. Nitaufanya nini? Nikimtazama nikutafute wewe, nimemwibia yeye. Nikiacha kumtazama, nimempoteza naye pia. Watu wanadhani kuachiwa aliyefanana kunapunguza hamu. Kunaifanya iwe na mahali pa kukaa, basi.

Na hamu yenyewe haina shaka hata kidogo ni ya nani. Nitamkosa yule anayeacha chai nusu kikombe kila siku ya maisha yake. Nitamkosa anayeimba sauti ya pili akiwa bafuni, wimbo ukikosa sauti ya kwanza. Anayevuta sikio. Anayenipinga habari za Mungu halafu anashika mkono wangu kanisani tukisimama. Adongo humaliza chai na kugeuza kikombe. Haimbi bafuni, anapiga mluzi. Ananipinga kwa kunyamaza. Nimeishi na nyinyi miaka yote nikiwaita jina moja, na imekuwa lazima mmoja afunge begi ndipo nione nilikuwa na watoto wawili, si mapacha. Mkibadilishana, mimi nitajua. Si kwa alama ya mkononi. Mkiziba macho yangu, nitajua kwa pale panapouma.

Sijui kama hizo pete zako zipo. Naomba ziwepo, kwa ajili yako, na uwe wa kwanza kuziona kama zinaonekana. Ukikaa na hao wasomi wako mkiandika jinsi kimoja kinavyopita ndani ya kingine na kutoka kikiwa sawa kwa macho, sitaki kukwambia umfikirie nani. Wewe si mtoto.

Ila kuna jambo moja naomba, na ndilo limenifanya nikae na kalamu badala ya kukukunjia nguo. Nikimpa Adongo mimi maneno yako ya kuomba msamaha, yatakuwa yametoka kwa Mama, kama gauni, na atadhani nimenunua mbili. Yatoke kwako. Usimwambie hukumaanisha, hilo analijua. Usimkumbushe mlivyokuwa wadogo. Usiseme "sisi". Muulize kitu juu yake ambacho wewe hujui jibu lake. Vipo vingi. Mimi mwenyewe juzi nimejua anaweka akiba ya kufungua duka lake huko Njoro, karibu na chuo, na hakuniambia kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Muulize, halafu unyamaze, usimsaidie kujibu. Atakuchelewesha. Ana hasira za polepole. Ungoje.

Babako amezima redio, maana yake anataka chakula. Wewe mwenyewe utafika sasa hivi kutoka Njoro ukiwa na njaa na vumbi, na lazima nifiche hii karatasi chini ya nguo zako kabla hujaona macho yangu.

Ukimaliza tu kusoma, usikae, leta habari upesi. Kama simu yako ina nafasi ya kupiga mara moja tu, usinipigie mimi. Mpigie Adongo. Mimi nitasubiri zamu yangu.

Mamako